Vifaranga wa siku mbili: wengine miguu inatanuka, wengine vidole vimekunjwa. Tatizo ni mashine, sakafu au chakula cha mama?

Kihonda_Kuku

Wakuu habari za humu. Naomba mnisaidie kusoma tatizo hili kabla sijaingia duka la dawa kununua kila kitakachowekwa mezani.

Mayai trei 5, chotara wa hapa hapa nyumbani (tetea wa kienyeji, majogoo wa Kuroiler, aina ya kuku wakubwa wa nyama na mayai). Mayai ya mwanzo yalisubiri siku 10 ndipo trei zikatimia. Mashine ni ya feni, nyuzi 37.7, unyevu 55 mpaka siku ya 18, kisha nikapandisha hadi 75. Siku ya 19 umeme ulikatika kwa muda wa karibu saa 6. Wametoka vifaranga 104, na waliochelewa wametoka siku ya 22.

Walio na shida:
- 8 miguu inakwenda pembeni, mmoja huku mwingine kule, hawawezi kusimama
- 5 vidole vimekunjwa kwenda ndani kama ngumi, wanakalia vifundo
- 3 kidole kimoja au viwili vimepinda upande, ila wanatembea na kula vizuri
- 1 mguu mmoja umegeukia nje na kifundo kimevimba

Trei ya kutotolea ni bati laini, nimetandika gazeti. Kwenye bruda (boksi la joto la kulelea vifaranga) kuna maranda, juu yake nimeweka gazeti wasije wakala maranda siku za mwanzo.

Chakula cha tetea kwa kilo 100: mahindi 60, mashudu ya alizeti 20, dagaa 8, pumba za mahindi 4, chokaa 7.5, chumvi nusu kilo. Premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) sijaweka.

Nimeambiwa "wape vitamini" na "wafunge na rababendi". Je, inatosha? Na kuna anayesema ni Mareksi, ule ugonjwa wa virusi unaopooza miguu, kwa sababu hawakuchanjwa.

---

Totoa_Dodoma

Mkuu, umefanya jambo zuri kuwagawa kwa makundi, maana hayo ni matatizo manne tofauti ambayo watu huyaita jina moja, "miguu mibovu", halafu wanayapa dawa moja.

Kwanza Mareksi iondoe kichwani. Virusi vya Mareksi vinahitaji wiki kadhaa ndani ya mwili mpaka mishipa ya fahamu ipooze. Ile picha ya mguu mmoja mbele mwingine nyuma huonekana kuanzia wiki ya 3 au ya 4, na mara nyingi zaidi baada ya hapo. Kifaranga wa siku 2 hawezi kuwa na mguu wa Mareksi. Chanjo yake ni ya siku ya kwanza, hiyo ni mada nyingine, lakini hao 17 hawakuumizwa na kukosa chanjo.

Sasa wale 8 waliotanuka. Mshike kifaranga mgongo ukiwa kwenye kiganja chako, tumbo juu. Rudisha miguu taratibu mpaka mahali pake chini ya mwili. Ikirudi bila kupinga, mifupa imenyooka, vifundo havijavimba, basi tatizo liko kwenye misuli ya paja na nyonga ambayo haijakaza. Kifaranga anapotoka kwenye ganda anajifunza kusimama kwa kusukuma miguu dhidi ya kitu. Kwenye bati lenye gazeti, hasa gazeti lililoloa, kila akisukuma mguu unateleza kwenda nje. Saa 12 za namna hiyo zinatosha kumharibu. Kwa hiyo gazeti lako ndilo mshukiwa wa kwanza, tena limetumika mara mbili, kwenye trei na kwenye bruda.

Mshukiwa wa pili ni unyevu. Yai linatakiwa lipoteze kama asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Yai la gramu 45 libaki na gramu 39 au 40. Likipoteza kidogo, kifaranga anatoka mnene, amejaa maji, mzito kwa miguu yake, na miguu ndiyo inayoshindwa. Asilimia 55 mwanzoni ni sawa kama kipimo chako hakidanganyi. 75 mwishoni imezidi kidogo, 65 hadi 70 inatosha. Pima mayai 10 yaliyowekwa alama siku ya kwanza na siku ya 18 kwa mzani wa jikoni, utajua ukweli kuliko kutegemea kipima unyevu cha bei rahisi.

Wa tatu ni huo umeme. Mayai yakipoa siku ya 19 kifaranga anachelewa, anakaa muda mrefu amejikunja, na anapotoka amechoka. Waliotoka siku ya 22 waangalie vifundo: vikiwa vyekundu upande wa nyuma, ni kwa kusugua ganda na sakafu muda mrefu wakipambana kutoka.

Cha kufanya leo hii, kabla ya kufunga mtu yeyote: toa gazeti lote. Weka kitu chenye kushika. Taulo kuukuu isiyo na nyuzi zinazochomoka, gunia safi la katani, au ule mkeka laini wa mpira wenye matundu unaotandikwa kwenye makabati. Hofu ya kula maranda inaeleweka, lakini kifaranga mwenye chakula mbele yake siku ya kwanza hali maranda kwa wingi wa kumdhuru. Tandaza chakula kwenye trei ya mayai ya karatasi, ile yenye mashimo, ataifuata.

---

Thika_Poultry

Nakubaliana na mwenzangu wa Dodoma. Naongeza upande wa kufunga, kwa sababu hapo ndipo wengi huua vifaranga wakidhani wanawatibu.

Rababendi: usitumie. Wala uzi mwembamba. Mguu wa kifaranga unanenepa kila siku na raba haipanuki vya kutosha. Asubuhi unakuta mguu umebadilika rangi chini ya raba na vidole ni vya baridi. Hapo umepoteza mguu ambao haukuwa na ugonjwa.

Tumia plasta ya kitambaa ya dukani au ile ya karatasi ya hospitali. Kata ukanda wa upana wa milimita 7 hivi na urefu wa sentimita 10. Kifaranga ashikwe na mtu wa pili. Anza kwenye mguu mmoja sehemu ya magamba, katikati ya kifundo na vidole, zungusha mara moja bila kukaza, peleka hadi mguu wa pili, zungusha, kisha rudi ulikoanzia ili pande mbili zenye gundi zishikane katikati. Usipozishikanisha, plasta itaokota maranda na manyoya na kumwangusha. Nafasi kati ya miguu iwe sentimita 2 kwa kifaranga mdogo wa kienyeji, 2.5 kwa chotara mkubwa. Kipimo cha macho: miguu ikae moja kwa moja chini ya mabega yake, isibanane. Ukibana sana anaanguka kifudifudi na anakata tamaa ya kula.

Kichwa cha njiti ya kiberiti kiingie kati ya plasta na ngozi. Kisipoingia, umekaza.

Saa ya kwanza ataanguka na kupiga kelele. Msimamishe, ashike sakafu, mwache. Kufikia jioni wengi huwa wameshapata mwendo. Kila siku kagua rangi ya vidole, na siku ya pili fungua ujaribu. Akisimama dakika kadhaa bila kuteleza, usimrudishie. Akiteleza, funga upya kwa nafasi iliyoongezeka milimita chache kwa kuwa amekua. Kutoa plasta paka mafuta ya kula juu yake, subiri dakika chache, itateleza yenyewe. Ukiivuta kavu unachuna ngozi.

Kwa waliotanuka kidogo tu kuna njia isiyo na plasta: kikombe kidogo cha chai kilichotandikwa kitambaa, kifaranga anakaa ndani miguu ikiwa chini yake. Nusu saa, anatolewa kula na kunywa, anarudishwa. Usimwache humo usiku kucha. Atakosa maji na atapata joto kupita kiasi.

Umri ndio kila kitu. Siku ya 1 hadi ya 3 karibu wote hurudi. Akifika wiki moja akiwa bado ametanuka, nyonga imeshazoea mahali pabaya.

Wale 3 wenye kidole kilichopinda upande, wanaokula na kutembea: kwa umri huu vidole bado ni laini. Kata kipande cha kadi ngumu (boksi la dawa ya meno ni jepesi na linatosha), ukubwa wa mguu uliokunjuliwa na ziada ndogo pembeni. Kata kwa umbo la mguu wenyewe, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, usiache mraba mkubwa wa kumkwaza. Weka mguu juu, nyoosha kila kidole, bandika plasta juu yake hadi kwenye kadi, na kucha ibaki nje. Saa 24 hadi 48 zinatosha. Kadi ikiloa ibadilishe, maana kadi iliyoloa inajikunja na vidole vinaifuata.

Ukiamua kuwaacha hao 3 kama walivyo hutakosea sana. Kidole kilichopinda hakimzuii kuku kukua wala kuchinjwa.

---

Mifugo_Iringa

Naingia kwenye wale 5 wa vidole kama ngumi, na kwenye chakula cha tetea. Hapa sakafu haihusiki.

Kuna tofauti ambayo lazima muione kwa macho. Kidole kilichopinda upande kinabaki na nguvu, kifaranga anakikanyagia ubavu na kwenda zake. Kidole kilichokunjwa kwenda ndani, miguu yote miwili, kifaranga anatembea kwa vifundo na mabawa kama fimbo, macho maangavu na hamu ya kula anayo: hiyo ni sura ya upungufu wa vitamini B2, yaani riboflavini. Mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu unavimba na kupoteza utando wake, na misuli inayonyoosha vidole haipati amri. Ukimfungia kadi tu bila kumpa B2, unanyoosha vidole ambavyo vitakunjwa tena kesho.

Kifaranga anayetoka nao kwenye yai ameupata kwa sababu mama hakula B2 ya kutosha. Sasa tazama mchanganyiko wako. Kwa viwango vya Marekani vya 1994, ambavyo watengenezaji wengi bado huanzia hapo, chakula cha tetea wa mayai ya kutotolesha kinatakiwa kiwe na miligramu 3.6 za riboflavini kwa kilo. Mahindi yana kama miligramu 1 tu. Mahindi yakiwa asilimia 60 na premiksi hakuna, dagaa na mashudu haviwezi kuziba pengo lote, hasa dagaa wakiwa wa kuanikwa juani siku nyingi, maana riboflavini inaharibiwa na mwanga. Tetea mwenyewe haonyeshi dalili. Anataga kama kawaida na yai linaonekana zima.

Fungua mayai ambayo hayakutotoa. Najua yananuka, vaa glavu, fanyia nje. Ukikuta viinitete vingi vimekufa katikati, siku ya 12 hadi 14, na waliokaribia kutoka wana manyoya yaliyojisokota kama mafundo ya uzi kwa sababu hayakupasuka kutoka kwenye vifuko vyake, hiyo ni riboflavini bila ubishi. Ukikuta miguu mifupi minene, kichwa cha mviringo na mdomo wa chini mfupi kama wa kasuku, hapo ongeza upungufu wa madini ya manganizi kwenye orodha. Ukikuta wamekufa siku ya 19 au 20, wazima, wakubwa, wameshaingiza mdomo kwenye kifuko cha hewa, laumu umeme na unyevu.

Tiba ya hao 5. Dozi ya kifaranga mmoja ni mikrogramu 100 za riboflavini kwa siku, siku mbili mfululizo, kisha chakula chenye vitamini kamili. Vidonge vya B-kompleksi vya binadamu vinatofautiana, soma pakiti uone B2 ni miligramu ngapi. Kama ni miligramu 2: saga kidonge kiwe vumbi, weka kwenye mililita 10 za maji safi, tikisa. Kila kifaranga apate nusu mililita kwa shirinji ya mililita 1 isiyo na sindano. Tikisa tena kabla ya kila unyonyaji, riboflavini haiyeyuki yote, huzama. Weka tone kando ya mdomo, subiri ameze, tone jingine. Ukimmiminia katikati ya koo inaingia kwenye njia ya hewa. Ukizidisha kidogo hakuna madhara, ziada hutoka kwenye kinyesi.

Kwa 104 wote, vitamini za unga za kuku kwenye maji kwa siku 5, kwa kipimo cha pakiti. Badilisha maji kila siku, chombo kisipigwe na jua. Yale maji ya njano yaliyokaa kwenye chupa inayopitisha mwanga tangu juzi yana rangi tu.

Angalizo: usiwape amprolium wakati huu kwa "kinga ya kuhara damu". Dawa hiyo inafanya kazi kwa kushindana na vitamini B1, na vitamini unazowapa zinaipunguzia nguvu. Mbili hizo haziendi pamoja.

Nafuu ya vidole utaiona ndani ya siku 2 au 3. Asiyebadilika wiki nzima, mshipa umeshaharibika na hautarudi.

---

Kihonda_Kuku

Asanteni sana. Nimefungua mayai 20 kati ya yaliyobaki. 9 wamekufa katikati, na wanne kati yao manyoya ni hayo hayo ya kujisokota. 7 walikuwa wakubwa kabisa. 4 ni maji tu. Midomo ya kasuku sijaona.

Bado maswali mawili. Yule mmoja wa kifundo kilichovimba nimfanyeje? Na tetea niwarekebishie vipi, kwa kuwa premiksi inauzwa pakiti kubwa na mimi nachanganya kilo 50 kwa mara?

---

Totoa_Dodoma

Yule mmoja: shika kifundo kwa nyuma kwa kidole gumba. Kwenye mguu mzima utasikia ukano mnene umelala kwenye mfereji katikati, kifundo chembamba. Kwenye mguu mbovu, nyuma ya kifundo ni bapa na pana, na ukano utaukuta umeangukia pembeni. Huo ndio ukano ulioteleza. Kila akijaribu kusimama, ukano unavuta mguu kwenda upande badala ya kuunyoosha.

Kama umeteleza leo au jana unaweza kurudishwa. Nyoosha mguu taratibu kuelekea nyuma ili ukano ulegee, usukume kwa gumba urudi kwenye mfereji, kisha kunja mguu ukiwa umeushikilia. Utasikia umeingia. Mfunge mguu ukiwa umekunjwa kiasi, plasta ikizunguka juu na chini ya kifundo, siku 2 au 3. Ukitoka tena na tena, mfereji wenyewe ni wa kina kifupi na hautashika. Ikiwa ni miguu yote miwili, au uvimbe umekuwa mgumu na wa zambarau, mchinje mapema. Atakaa akiburuza kifundo, ngozi itachubuka, bakteria wataingia, na atakufa polepole kwa kiu katikati ya wenzake.

Mmoja kati ya 104 si dalili ya kundi. Wakiwa 5 au 6, ndipo uulize kama chakula kimepungukiwa manganizi na kolini (kirutubisho kingine cha mifupa).

Jambo jingine ambalo hujauliza. Ukitumia mashine ya feni 37.5 inatosha, 37.7 si dhambi kama thermometa ni ya kweli. Ipime thermometa yako kwa kuilinganisha na ya homa iliyo kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 38. Joto likizidi nusu nyuzi siku zote, vifaranga wanatoka mapema, vitovu havijafunga, na miguu ndiyo inayoonyesha. Wasio na feni wao waweke 38.5, kipimo kikiwa usawa wa juu ya mayai. Msichanganye namba hizi mbili, nimeona watu wakiweka 38.5 kwenye mashine ya feni na kupika mayai.

Na mayai ya siku 10: kila siku baada ya ya 7 inachelewesha kutoka na kupunguza nguvu. Ukiweka ya siku 10 na ya siku 2 trei moja, wa kwanza wanatoka siku ya 20 na nusu, wa mwisho siku ya 22, na wa kwanza wanakaa kwenye bati linaloteleza siku nzima na zaidi wakisubiri. Waliokauka watolewe kila baada ya saa 8 hadi 12, mlango usikae wazi.

---

Mifugo_Iringa

Hayo matokeo ya mayai yamejibu swali lako. Wanne wenye manyoya yaliyojisokota pamoja na vidole vya ngumi kwa 5 walio hai: ni B2 kutoka kwa mama. Wakubwa 7 ni ule umeme na unyevu. Una matatizo mawili kwa wakati mmoja, na la gazeti ni la tatu.

Premiksi ya tetea wa mayai ya kutotolesha: nyingi ni kilo 2.5 kwa tani, nyingine kilo 5 kwa tani, imeandikwa kwenye mfuko. Ya kilo 2.5 kwa tani ni gramu 125 kwa kilo 50 zako. Ya kilo 5 ni gramu 250. Tumia mzani, kiganja hakipimi. Na usimwage gramu 125 juu ya rundo la kilo 50 ukageuza kwa koleo: changanya kwanza na kilo moja ya mahindi yaliyosagwa kwenye ndoo, kisha hiyo kilo moja ichanganye na kilo 5 nyingine za mahindi hayo, kisha hizo 6 ndizo zinazoingia kwenye rundo. Usipofanya hivyo, tetea mmoja anakula vitamini za wiki na mwingine anakosa kabisa.

Pakiti kubwa iliyofunguliwa ifunge kwenye mfuko mweusi, mahali pakavu na baridi. Ukiona itakaa miezi, igawane na wafugaji jirani. Chakula kilichochanganywa kitumike ndani ya wiki 3 au 4.

Chokaa yako ya 7.5 ni sahihi kwa tetea wanaotaga, iache. Ila chakula hicho kisiwafikie vifaranga. Chakula cha mataga kina kalsiamu asilimia 3.5 na zaidi, kifaranga anataka 1 tu. Kalsiamu ikizidi inamzuia kufyonza fosforasi na manganizi, na wiki ya 2 au ya 3 unaanza kuona mifupa laini, vifundo vinene na ukano unaoteleza. Hapo ndipo mtu anarudi kulalamika kwamba mashine yake inatoa vilema.

Hizo pumba za mahindi kilo 4, badilisha na pumba za ngano. Mahindi yana manganizi kama miligramu 7 kwa kilo wakati pumba za ngano zina zaidi ya 100, na B2 pia ni nyingi kuliko kwenye mahindi. Pumba laini za mpunga nazo zina manganizi ya kutosha, lakini nunua mbichi, zikikaa mafuta yake yanachacha. Majani mabichi kila siku, mchicha pori au majani ya viazi vitamu, yanasaidia upande wa B2 bila gharama.

Ukianza leo, mayai ya wiki ya kwanza usiyaweke kwenye mashine, kula au uza. Baada ya siku 7 hadi 10 riboflavini ndani ya yai imepanda vya kutosha.

---

Thika_Poultry

Kidogo tu kuhusu kuwatunza hao wagonjwa wiki hii, maana watu hufunga plasta vizuri halafu kifaranga anakufa kwa sababu nyingine.

Watenge kwenye boksi lao ndani ya bruda hiyo hiyo, joto nyuzi 32 hadi 35 usawa wa migongo yao, pamoja na mzima mmoja mtulivu ili waone anavyokula. Wakibaki na kundi watakanyagwa, na aliyeanguka hudonolewa vidole. Maji yawe kwenye kifuniko kifupi cha mtungi chenye kokoto safi, aliyelala asizame. Chakula kilowekwe kidogo kiwe cha kushikana, kisiwe uji, na kibadilishwe kila baada ya saa 4 kwa kuwa kwenye joto lile kinachacha upesi. Asiyefikia maji mwenyewe mpe tone kwa tone kila saa 2 mchana. Ana akiba ya kiini cha yai tumboni ya siku 2 au 3, baada ya hapo hana kitu.

Kagua kitovu pia. Kikiwa cheusi, kimelowa na kinanuka, kifaranga huyo ana maambukizi na udhaifu wa miguu yake si wa kufunga plasta.

Na hao 17, waliopona na wasiopona, wapake rangi ya kucha kwenye ukucha mmoja sasa hivi, kisha wakikua wavalishe pete ya mguu. Waliotanuka kwa sababu ya gazeti na wa B2 hawarithishi kitu. Lakini vidole vya kupinda upande vinaweza kuwa vya ukoo, hasa jogoo mmoja akipanda mabinti zake. Hao 3 na yule wa ukano wasiwe wazazi. Na kama majogoo wako wa Kuroiler wamezaliwa hapo hapo, badilisha na wa kutoka mbali kabla hujajaza trei nyingine.

---

Kihonda_Kuku

Gazeti nimetoa, gunia la katani limeingia. Plasta nimefunga 8, sentimita 2.5, njiti inapita. B2 kwenye pakiti niliyopata ni miligramu 5 kwa kidonge, kwa hiyo natumia mililita 25 za maji badala ya 10, nusu mililita kila mmoja. Niko sahihi?

---

Mifugo_Iringa

Sahihi, ni mikrogramu 100 zile zile. Usisahau kutikisa.